Ulimi Mama

Saa mpya ililetwa Jumanne asubuhi ndani ya kisanduku cha mbao, imelazwa kwenye sponji kama mgonjwa mwenye ndugu wengi, na kabla haijatolewa ilikuwa tayari na maadui wawili. Wa kwanza alikuwa Bonge, mwendesha mashine, ambaye hakupenda kitu kipya chochote kwa sababu kila kitu kipya kiwandani mle kilikuja na fomu ya kujaza. Wa pili alikuwa msimamizi, aliyeitwa Haraka hata na mkewe, na yeye siku hiyo alikuwa na lori mlangoni.

"Kipya kinyemi," Bonge alisema akichungulia kisandukuni, "ingawa kidonda."

"Ondoa tumbo kwenye mwanga, kaka," Nukta akamwambia. "Nasoma maelezo."

Nukta halikuwa jina la kuzaliwa. Alibandikwa na wenzake mwaka wake wa kwanza kazini, baada ya kumrudishia Haraka karatasi iliyoandikwa "kama arobaini hivi" na kumuuliza hiyo hivi ni nukta ngapi. Walicheka, naye akacheka, jina likabaki. Sasa alikuwa mpimaji mkuu, na kwa miaka miwili hakuna mzigo uliotoka pale bila saini yake.

Kiwanda kilitengeneza springi za mabasi. Springi ikishapindwa na kuchomwa na kupozwa, iliingizwa kwenye chumba cha chuma na kumiminiwa vigololi vidogo kama punje za ulezi, maelfu kwa maelfu, vikirushwa kwa upepo wa kompresa. Wao waliita hiyo mvua. Springi iliyonyeshewa sawasawa ngozi yake hukaza, na ufa haupati pa kuanzia. Iliyopata manyunyu hutoka inang'aa vilevile, hupakwa rangi ileile, hubeba basi lilelile, ila siku moja hukatika mapema, bila kuaga. Kwa macho huwezi kuzitenga, hata uwe na macho manne.

Ndiyo maana kulikuwa na ulimi. Ulimi ni kijipande cha chuma chembamba, urefu wa kidole cha kati. Kinabanwa kwa skrubu nne mahali springi inapokaa, kinanyeshewa upande mmoja tu, kisha kinafunguliwa. Kikiachiwa kinajikunja, kama mtu aliyeweka chini mzigo lakini mgongo haujapata habari. Mvua ikiwa kali, kibiongo kinakuwa kikubwa. Ikiwa hafifu, kidogo. Tena ni kibiongo cha kunong'ona, nusu milimita hakifiki, kwa hiyo kinapachikwa kwenye saa: si ya kutazamia muda, bali ya mshale mmoja, ambao kazi yake ni kuhesabu milimita iliyokatwa vipande mia. Sheria yao ilikuwa arobaini hadi arobaini na nane. Chini ya arobaini springi hairuhusiwi kutoka, hata mwenye basi aje apige magoti.

Asubuhi hiyo ulimi wa mzigo wa mia sita arobaini na tisa ulisema arobaini na tatu kwenye saa ya zamani. Nukta akauandika. Kisha, kwa udadisi tu, akauchomoa uleule na kuupachika kwenye saa mpya.

Thelathini na nane.

Akaufuta kwa kitambaa, akaupachika tena. Thelathini na nane. Akaurudisha kwenye saa ya zamani, arobaini na tatu. Akakaa.

"Tayari?" Haraka aliuliza kutoka mlangoni. "Dereva wa lori ameshakunywa chai mara mbili."

"Saa hizi mbili hazielewani."

"Si mpya hiyo? Ndio inaongopa. Ya zamani ina miaka kumi na tano hapa, haijawahi kumkosea mtu heshima. Saini, dada."

Kalamu ilikuwa mkononi. Nukta aliiangalia saini yake ya mzigo uliopita, nzuri, yenye mkia. Mwaka ule springi mbili zilikuwa zimerudishwa zimekatika, na kila mtu alisema ni barabara mbovu, ni abiria wengi, ni madereva wasio na adabu. Hata yeye alisema hivyo. Akaiweka kalamu chini.

"Naomba nimsubiri Mjomba," alisema.

Haraka akavuta pumzi ndefu kama anayekunja nguo, akaenda kumtafutia dereva chai ya tatu.

Mjomba alikuwa mjomba kwelikweli, kaka wa tumbo moja na mama yake. Nukta alipokuwa na miaka tisa na mama yake kazikwa wiki ile, huyu ndiye aliyekuja kumchukua. Alimlea pamoja na wanawe watatu, na kila mwaka aliwasimamisha wote kwenye fremu ya mlango na kuwapima urefu kwa rula ya chuma. Nukta aliwahi kuinua visigino kidogo ili amshinde binamu yake. Mjomba akainama, akatazama miguu, akafuta mstari, akasema: "Hapa hatugawi milimita za bure." Kazi hii ni yeye aliyemwombea, na ni yeye aliyemfundisha. Miaka miwili iliyopita macho yake yalianza kuona mishale miwili pale penye mmoja, akamkabidhi kalamu na kubaki mshauri. Mwisho wa mwezi angestaafu. Ubao wa matangazo ulikuwa umeshaandika: miaka thelathini bila kosa.

Aliingia saa tatu, koti limefungwa vifungo vyote, akaitazama saa mpya kama mama mkwe anavyomtazama bibi harusi.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, Mjomba. Anasema thelathini na nane pale mwenzake anaposema arobaini na tatu."

"Umemtuliza kwenye sifuri kwanza?"

"Kwenye kibamba chake kilichonyooka, alichokuja nacho. Sifuri safi."

"Na ya zamani umeituliza kwenye Mama?"

"Kama kila siku."

Mjomba akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi muulize Mama. Mtoto akibisha, unampeleka kwa mama."

Hapo tumwambie msomaji Mama huyo ni nani. Kila saa ya kupimia lazima ianze siku kwa kuonyeshwa kitu kilichonyooka kabisa, iambiwe: hii ndiyo sifuri. Zamani walikuwa na kibamba cha chuma kwa kazi hiyo, lakini miaka minane nyuma kilianguka kikapata pengo, na barua ya kuagiza kingine nadhani inatembea kwa magoti hadi leo. Mjomba hakukaa kulia. Alichukua ndimi mpya mia moja ambazo hazijanyeshewa, akazipima moja moja juu ya bamba la jiwe, akachagua mmoja uliokuwa umenyooka kuliko wote. Akauchora herufi J upande wa juu. Huyo ndiye Mama. Kila asubuhi anapachikwa, herufi ikimtazama mpimaji, mshale unawekwa sifuri, kisha anarudishwa kitandani kwake.

Na kitanda chake kilikuwa kwenye rafu pembeni ya mlango wa mashine, juu ya kitambaa laini, herufi ikiwa chini isijae vumbi. Mjomba alikuwa na sababu. Chuma, alifundisha, hutanuka na joto. Kipimo kinacholala kwenye kabati baridi hakiwezi kusema ukweli juu ya kazi iliyofanyika kwenye joto. "Kipimo kipumue hewa ya kazi," alikuwa akisema, na mafundi waliotembelea kutoka viwanda vingine waliliandika hilo kwenye madaftari yao.

Nukta alimpachika Mama kwenye saa mpya. Mshale ukarudi nyuma, ukapita sifuri, ukasimama kwenye tano upande wa chini.

Bonge, aliyekuja kuazima bisibisi, alisahau alichofuata.

"Haijazoea," Mjomba alisema. "Saa ni kama mke mpya. Mpe wiki."

"Mjomba," Nukta alisema polepole, "kuna kitu ulinifundisha siku ya kwanza."

"Nilikufundisha vitu vingi. Vingine umesahau, kama kufunga vifungo vya koti."

"Ulisema kitu kilichonyooka hakina mgongo wala tumbo. Ukikigeuza kinasema neno lilelile. Kikisema neno jingine, ni mwongo."

Nukta akamchomoa Mama na kumgeuza, herufi ikatazama ndani. Mshale ukaruka kutoka tano ya chini hadi tano ya juu.

Alitamani mshale ule ungesimama mahali pengine popote. Alisikia kompresa ikiunguruma, na lori nje likiwasha injini na kuzima. Mjomba alinyoosha mkono, akamchukua Mama kwa ncha za vidole, akasogea dirishani. Akampapasa mgongo kwa kidole gumba, pale pasipo na herufi. Macho yake yalikuwa mabovu, vidole havikuwa. Alipapasa kwenda, akapapasa kurudi.

"Ana vipele," alisema.

Nukta akatazama kwa kioo cha kukuzia. Mgongo wa Mama ulikuwa na vishimo vidogo vidogo, vimetawanyika kama matone ya kwanza ya mvua kwenye vumbi.

"Hapo kwenye rafu?" Bonge alisema, bila ubaya wowote. "Si ndipo zinaponiuma? Pazia la mpira la mlango limechanika upande huo. Ukisimama pale vigololi vinakung'ata kama siafu. Mimi nimeshasema, nimejaza hadi fomu." Kisha akaona sura ya mzee na kunyamaza, na kwa Bonge kunyamaza ni kazi ya kutoa jasho.

Kumbe Mama alikuwa akinyeshewa miaka yote. Gololi moja leo, kumi kesho, usingizini, juu ya kitambaa chake laini. Kidogo kidogo akapata kibiongo, na kwa kuwa yeye ndiye sifuri, saa ya zamani ilikiongeza kibiongo chake kwa kila ulimi ilioupima. Nao, mshale ukionyesha arobaini na tatu, wakafurahi, na kila walipouona unapanda wakapunguza upepo wa kompresa. Mvua ilikuwa ikipungua, daftari likisema hali ya hewa ni ileile.

Haraka aliposimuliwa hakufoka. Alikaa juu ya kreti, akavua kofia, akatazama ndani yake.

"Sawa," alisema mwishowe. "Mzigo wa leo haujatoka. Tunashusha springi, tunapandisha upepo, tunazinyeshea upya. Dereva atanitukana, nimezoea. Kuanzia leo saa mpya, sifuri mpya. Yaliyopita si ndwele."

"Yaliyopita yako barabarani, bosi," Nukta alisema. "Yamebeba watu."

"Yapi? Niambie yapi. Huyo Mama ana miaka minane. Nipige simu niseme nini, rudisheni springi zote za miaka minane? Mabasi ya nusu ya nchi yasimame juu ya matofali? Watanifunga, na watakaonifunga watakwenda mahakamani kwa miguu." Alivaa kofia. "Mimi si mtu mbaya, dada. Ukitaka niseme, nitasema. Lakini niletee tarehe. Mzigo wa kwanza mbovu ni upi, ulipimwa lini, nani alisaini. Saa nane mchana. Bila hiyo naanza upya, na sisi wanne tunakufa na letu moyoni."

Tarehe ilikuwapo, na Nukta alijua ilipo. Kila ulimi uliowahi kupimwa ulihifadhiwa kwenye makopo ya chuma stoo, umeandikwa namba ya mzigo. Ulimi ukishajikunja haubadilishi maneno. Ilibaki kuzitoa na kuziuliza upya, safari hii mbele ya saa isiyo na upendeleo.

Stoo ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja na harufu ya mafuta ya mashine. Walikaa pande mbili za meza, saa mpya katikati. Mjomba alitoa ndimi kwenye makopo, Nukta akapachika, akasoma, akaandika. Walianza na mwezi uliopita wakirudi nyuma.

"Thelathini na nane," Nukta alisoma. "Thelathini na nane. Thelathini na nane na nusu."

"Hapa hatugawi nusu za bure."

"Ni nusu ya kweli, Mjomba."

"Andika."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu walio msibani. Saa tano ilipita. Kila kopo lililofunguliwa lilikuwa na mwandiko wa Nukta juu: arobaini na tatu, arobaini na tatu, arobaini na nne. Safi, mfululizo, kama shanga. Nukta alikuwa akijivunia mfululizo ule. Sasa aliona kuwa mtu anayesema neno moja kila siku ama ni mkweli sana au hasikilizi.

"Lakini sikuelewi jambo moja," Mjomba alisema, akipangusa kopo. "Kwa nini hukumgeuza kabla ya leo?"

"Nani?"

"Mama. Nilikufundisha kugeuza. Miaka miwili umempachika kila asubuhi. Hata siku moja hukumgeuza."

Nukta akaupachika ulimi mwingine. "Alikuwa wako," alisema. "Ningekugeuza wewe?"

Mzee akatazama dirisha. "Ungenigeuza," alisema. "Mimi nilikuwa nakutegemea wewe unigeuze. Nami nilipokuwa na macho sikumgeuza, kwa sababu nilimchagua mwenyewe. Mtu hamgeuzi mtoto wake kumtazama kama ana kibiongo."

Waliendelea. Kadiri walivyorudi nyuma ndivyo mvua ilivyozidi kukaza. Thelathini na tisa wiki hii, thelathini na tisa wiki ile. Mzigo wa mia tano themanini na nane, thelathini na tisa. Mzigo wa mia tano themanini na saba, arobaini kamili. Themanini na sita, arobaini. Nukta akarudia hizo tatu mara nne nne, akituliza saa kwenye kibamba kila mara. Hazikubadilika. Kutoka hapo kurudi nyuma zote zilikuwa ndani ya sheria: arobaini, arobaini na nusu, na kwenye mzigo wa mia tano arobaini na tano, ambao ulikuwa wa mwisho kwa saini ya Mjomba, arobaini na moja.

Hapo wote wawili wakaacha kusogeza makopo.

Mama alianza kuharibika mikononi mwa Mjomba. Hilo halikuwa na ubishi. Lakini springi zote alizosaini yeye zilikuwa nzima. Mbovu ya kwanza ilitoka miezi kumi na minne iliyopita, na saini iliyokuwa chini yake ilikuwa nzuri, yenye mkia.

"Ni mimi," Nukta alisema.

Mjomba alinyanyuka, akafunga mlango wa stoo, akarudi. Alichukua ulimi wa mia tano arobaini na tano, akauweka mbele ya mpwa wake kwa upole, kama anayemwekea mgonjwa kijiko.

"Andika thelathini na tisa," alisema.

"Ni arobaini na moja, Mjomba. Umeiona."

"Mimi naona mishale miwili, kila mtu anajua. Andika thelathini na tisa. Mbovu ya kwanza iwe hii. Nisikilize kabla hujafungua mdomo." Alikaa. "Wakianzia hapa, watarudisha mbovu zote na nzima arobaini na tatu juu yake. Hakuna basi litakalobaki na springi mbovu. Hakuna atakayeumia. Ila saini ya kwanza itakuwa yangu. Wakianzia kwako, wewe ndiye uliyeharibu. Wakianzia kwangu, wewe umerithi tu, na mrithi hafungwi kwa deni la marehemu. Mimi mwisho wa mwezi naondoka. Watafuta lile tangazo ubaoni, basi. Wewe una watoto wawili na miaka ishirini ya kufanya kazi. Nani atakupa saa ya kupimia tena?"

Alikuwa amelifikiria, na lilikuwa zuri. Nukta aliligeuza kila upande akitafuta mahali panapovuja. Abiria walikuwa salama. Kazi ilikuwa salama. Aliwaona wanawe wakitoka shule, akamwona mume wake akimuuliza kwa nini amerudi mapema. Alikuwa mtu mzima, alishapigwa na dunia vya kutosha kujua kwamba mkono wa msaada hauji kila siku, na ukija haurudi kubisha hodi.

Lakini mtu huyu hakuwahi kuandika namba ya uongo. Aliwahi kumsimamisha mkurugenzi mlangoni kwa ajili ya namba moja. Sasa alikuwa anaomba uongo wake wa kwanza uandikwe, tena dhidi yake mwenyewe.

Nukta akashika kalamu. Akaandika arobaini na moja.

Mjomba aliinamia namba ile. Hata kwa macho yake aliisoma.

"Nimekulea," alisema, "hujawahi kunikatalia kitu. Leo nimekuomba kimoja."

"Umenilea ndio maana, Mjomba."

"Usinirudishie maneno matamu. Sikuomba maneno." Alisimama, akafungua kifungo cha juu cha koti, akakifunga tena. "Ningekukinga kwa kitu gani kingine mimi? Sina kingine. Nilikuwa na jina tu."

Akatoka. Nukta alibaki na makopo. Alitamani kumkimbilia, lakini saa nane ilikuwa inakaribia na zilibaki ndimi tisa za kuhakikisha. Akapima zote tisa. Hakulia mpaka wa mwisho, na hapo ilimbidi aufute vizuri kwa kitambaa na kuupima upya.

Haraka alisoma karatasi akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa amekaa.

"Mia tano themanini na nane," alisema. "Unajua jina lililo hapa?"

"Najua kusoma, bosi."

"Sitaweza kukukinga."

"Sijaomba mwavuli. Piga simu."

Alivuta simu ya mezani. Daftari kubwa la mizigo lilikuwa limefunguka mbele yake, lakini mwandiko wa karani wa stoo ulikuwa kama njia za mchwa, na Haraka alianza kuhangaika na mistari. Hapo mlango ukafunguliwa, Mjomba akaingia. Hakumtazama Nukta. Alivuta kiti, akakiweka upande wa pili wa meza, mgongo wake ukiwa kwa mpwa wake, akaligeuza daftari lielekee kwake na kutoa kioo cha kukuzia mfukoni.

"Piga," alimwambia Haraka. "Nitakusomea."

Simu ikaita. Haraka aliweka spika, akajieleza kwa mwanamke wa kampuni ya mabasi, akajikwaa mara mbili, akasema neno springi kama mtu anayetema mfupa. Yule mwanamke akaomba namba.

Mjomba aliinamisha kichwa juu ya daftari na karatasi ya Nukta.

"Mzigo wa mia tano themanini na nane," alisoma. "Springi kumi na mbili. Kipimo sahihi, thelathini na tisa. Aliyepima." Kioo kilisimama. Kisha akalisoma jina la mpwa wake lote, lake na la baba yake, herufi kwa herufi, kwa sauti ileile kavu aliyosomea mshale miaka thelathini.

"Subirini," sauti ya simuni ilisema. Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Ziko kwenye mabasi matatu. Mawili yako yadi, nitayazuia sasa hivi. La tatu limetoka saa kumi na mbili asubuhi."

"Limefika?" Haraka aliuliza.

"Linafika jioni. Limejaa."

"Mpigieni dereva asimame."

"Dereva wetu hapokei simu akiendesha. Ndiyo sheria tuliyomwekea, na yeye anaishika kweli. Akisimama kula atatupigia."

"Anakula saa ngapi?"

"Akisikia njaa," mwanamke alisema, na sauti yake haikuwa ya utani. "Nampigia hata hivyo. Msikate."

Hawakukata. Kwenye spika ilisikika simu nyingine, ya mbali, ikiita, ikiita, ikakatika, ikaanza tena. Haraka alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Bonge alisimama mlangoni amejaza fremu yote, wala hakuna aliyemwambia aondoe tumbo kwenye mwanga. Nukta alihesabu miito hadi kumi na nne, kisha akajizuia, kwa kuwa hii haikuwa namba ya kuandikwa popote.

Mjomba alisogeza kioo hadi mstari unaofuata, akaweka kidole pale pasipotee.

"Tuna simu ya pili?" aliuliza, bila kugeuka.

"Ipo yangu ya mkononi," Nukta alisema.

"Basi chukua namba ya mnunuzi. Mzigo wa mia tano themanini na tisa."